Soko Limefunguka, Parachichi Halijakomaa

Kila waziri akishika kalamu Beijing, Brussels au New Delhi, kesho yake kichwa cha habari ni kile kile: soko limefunguka. Bendera mbili mezani, watu wanapeana mikono, na wakulima wa Njombe na Rungwe wanaambiwa waongeze miche. Jamani, soko la Ulaya kwa parachichi la Tanzania lilifunguka lini? Nchi maskini zaidi duniani, sisi tukiwemo, zinaingiza huko karibu kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru tangu 2001. Mlango umekaa wazi zaidi ya miaka ishirini, na bado tunaalikwa kushangilia bawaba.

Tupige hesabu kidogo, maana wanaoshangilia hawaipigi. Parachichi lisilo na nafuu yoyote hutozwa na Umoja wa Ulaya ushuru wa asilimia 4 kuanzia Desemba hadi Mei, na asilimia 5.1 kuanzia Juni hadi Novemba. Basi. Kontena la baridi la futi 40 hubeba paleti 20 zenye boksi 264 kila moja, yaani boksi 5,280 za kilo 4. Tuseme boksi moja limethaminiwa yuro 8: mzigo ni yuro 42,240, na ushuru uliosamehewa kwa ile asilimia 5.1 ni kama yuro 2,154. Sasa mnunuzi wa Rotterdam afungue kontena akute matunda yamelegea, akate yuro moja tu kwa kila boksi. Yuro 5,280 zimekwenda. Msamaha wote umeliwa zaidi ya mara mbili, na hapo kakata kwa huruma.

Yanalegea kwa nini? Hapa ndipo penye kidonda. Parachichi haliivi mtini. Linakomaa mtini, linaiva likishachumwa. Na kukomaa kwa Hass, aina ya parachichi tunayouza nje, hakuonekani kwa macho, wala ukubwa si ushahidi. Mwanzoni mwa msimu, bei ikiwa juu, dalali anapita na fuso, anakomba kila kinachoning'inia. Tunda lililochumwa changa haliivi sawasawa hata ulisubiri mwezi: linakunjamana, linakuwa kama mpira, linaanza kuoza kwenye kikonyo.

Kipimo chake hakihitaji profesa. Chuma matunda kama kumi kutoka miti mbalimbali. Pasua kwa urefu, toa kokwa na ule utando wake wa kahawia, menya ganda, kwaruza nyama kama unakwaruza karoti. Pima gramu 10, tandaza kwenye sahani, weka kwenye mikrowevu kwa moto mdogo. Toa, pima, rudisha, mpaka mzani ugome kushuka. Ikiungua ikawa ya kahawia, tupa uanze upya. Zikibaki gramu 2.4, tunda lina ukavu wa asilimia 24, kiwango ambacho Kenya inakidai kwa Hass kabla mzigo haujaondoka. Kiwango cha kimataifa ni 21, lakini anayesafirisha kwa meli akiwa na 21 kamili anacheza bahati nasibu. Mzani wa gramu na mikrowevu: ni vyama vya ushirika vingapi vinavyo? Mabango ya uzinduzi yapo, tena ya rangi.

Halafu baridi. Kuna watu wazima, wenye kampuni zilizosajiliwa, wanaoamini kontena la baridi ni friji. Siyo. Kazi yake ni kutunza ubaridi uliokuta. Tunda la nyuzi 25, kontena haliwezi kulishusha joto. Tunda linatakiwa lifike kituo cha kufungashia siku ile ile, lipulizwe hewa baridi mpaka katikati ya nyama pafike nyuzi 6 hivi, ndipo lipakiwe. Ukipakia lenye joto, linapumua, linatoa gesi ya kuivisha, na jirani zake wanaitikia. Ukizidisha baridi likashuka sana chini ya 5, ganda linapata madoa meusi na nyama inakuwa ya kijivu. Kutoka Makambako hadi bandarini, jenereta la kontena likizimwa ili dizeli ibaki kwenye dumu la mtu, kirekodi joto kilicho ndani ya boksi kinaandika kila saa. Mnunuzi atakisoma, na bishano litaisha hapo. Tangu mwishoni mwa 2023, meli zinazoikwepa Bahari ya Shamu zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari imeongezeka takriban wiki mbili. Kosa lililokuwa likifichika kwenye safari ya siku 28 halifichiki tena.

Mabaki ya viuatilifu nitayasema kwa kifupi kwa sababu yanauma. Ulaya, dawa isiyo na kiwango chake maalumu hupewa miligramu 0.01 kwa kilo. Klopirifosi, dawa ya kuua wadudu, waliiondoa mwaka 2020, na sasa iko kwenye kiwango hicho hicho. Kuuziwa dawa kihalali duka la pembejeo si ruhusa ya Rotterdam.

Karatasi nazo. Cheti cha afya ya mimea kinahitajika hata ushuru ukiwa sifuri. Matunda yaliyosamehewa cheti hicho ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Na mzigo unaozidi yuro 6,000 ukiwa na tamko la asili (karatasi ya kusema tunda limetoka nchi gani) lisilo na namba ya msafirishaji aliyesajiliwa, forodha inatoza ushuru kamili. Msamaha upo, na unalipa kama asiye nao.

Nikubali, shingo upande: ipo siku mkataba ulikuwa na maana kweli. Oktoba 2014 Kenya, isiyo kwenye ile orodha ya nchi maskini zaidi, ilipokosa nafuu ya Ulaya, maua yake yalianza kutozwa ushuru mpaka mwisho wa mwaka, na ushuru wa maua si wa mzaha. Ndiyo maana mkataba wao na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika Julai 1, 2024, wanaushika kwa mikono miwili. Haki yao.

Ila mfano ninaoupenda ni China. Kenya ilipofungua mlango huo mara ya kwanza, parachichi liliruhusiwa likiwa limemenywa na kugandishwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Mkulima mdogo agandishe wapi? Bichi lilikubaliwa mwaka 2022, na mwaka huo huo Novemba na sisi tukasaini letu. Kilichobadilika ni masharti ya wadudu, mashamba na vituo vya kufungashia kusajiliwa. Ushuru haukuwa na la kusema hapo. Na wanaodhani hayo ni ya Wachina na Wazungu tu, wakumbuke Aprili 2025: Tanzania na Afrika Kusini, wote SADC, wote ndani ya eneo huru la biashara la Afrika, tukafungiana mazao kisa ndizi zetu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara ni dogo. Mkisaini tena, kile kiambatisho cha masharti, kile ambacho huwa hakipigwi picha, kiandikeni kwa Kiswahili na mkibandike ofisi ya kijiji kabla ya msimu wa kuchuma: wadudu gani, dawa gani, ukavu asilimia ngapi, nani anasajili shamba na kwa shilingi ngapi. Miche tunayo ya kutosha.