Dirisha la pili mpakani

Mwaka wa tisa huu naishi Windsor, Kanada, naendesha lori. Kila wiki navuka daraja la mpakani, Ambassador Bridge, kwenda Detroit, Marekani, na kurudi. Kwetu ni Buhigwe, mkoa wa Kigoma, ambako mpaka wa Burundi tumeukuta tukiwa watoto: huku binamu, kule binamu, na Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani.

Desemba nikiwa nyumbani, shangazi alifariki ng'ambo ya mpaka, Burundi. Tulifika kwenye kituo kimoja cha mpakani saa mbili asubuhi, siku ya soko la ujirani mwema, gulio la watu wa pande zote mbili za mpaka. Madirisha mawili, moja limefungwa. Kwenye lililo wazi, kijana wa uhamiaji anagonga mihuri kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika andazi alilomega mara moja tu. Mbele yangu mama ana madumu mawili ya mawese, nyuma yangu basi limeshusha abiria wote. Watu wakaanza kumtolea maneno makali. Zamu yangu ilipofika akaniambia, "Nisamehe kaka, mwenzangu yuko likizo, niko peke yangu." Shangazi tulimkuta ameshazikwa.

Yule kijana simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyepanga zamu.

Huku Kanada idara ya mpaka imejiwekea kiwango na kukitangaza: kusubiri dakika 10 Jumatatu hadi Alhamisi, dakika 20 Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu. Hali ya foleni naiangalia kwenye simu kabla sijawasha gari. Wanaajiri hata wanafunzi wa vyuo kuongeza nguvu majira ya joto, wasafiri wanapofurika. Foleni zipo, tena ndefu siku za mapumziko, lakini kuna mtu aliyekaa akazihesabu.

Na hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Chukua mfano: abiria mmoja anakula dakika tatu dirishani. Dirisha moja basi linapitisha watu 20 kwa saa. Wakija 60 ndani ya saa hiyo, 40 wamebaki wamesimama juani, na saa inayofuata inaanza na deni hilo. Sasa njoo kwa watumishi. Dirisha likiwa wazi saa 12 kila siku, hizo ni saa 84 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya saa 40, dirisha hilo moja limeshamaliza watu wawili na bado, kabla hujagusa likizo, ugonjwa, msiba na mafunzo. Ukipeleka kituoni maafisa wawili, umefungua dirisha moja. La pili umejenga tu.

Ndiyo maana majengo pekee hayanitulizi. Mradi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu umebeba pia kituo cha huduma za pamoja mpakani, Manyovu upande wetu na Mugina upande wa Burundi. Nimefurahi kwa moyo wote, maana kusimama mara moja badala ya mara mbili ni nafuu kubwa kwa mama wa mawese. Lakini jengo haligongi mhuri.

Najua nitajibiwa kwamba ajira hakuna, bajeti haitoshi. Sawa, tuanze na waliopo. Siku ya gulio inajulikana mwaka mzima. Shule zinafungwa kwa ratiba, Desemba haijawahi kuchelewa, na pale bandarini Kigoma meli haishushi watu bila kutarajiwa. Kwa nini basi siku kavu wawepo maafisa wawili wanaoangaliana, na siku ya soko abaki mmoja? Likizo za mwisho wa mwaka zipangwe kwa kupokezana, mwaka huu wewe, mwakani mwenzako, maana nao wana familia. Mtu wa kituo jirani aje asaidie siku ya soko, alipwe posho yake bila kuzungushwa. Na mlinzi wa getini apewe daftari, aandike kila saa wamepita wangapi. Miezi mitatu ya daftari hilo itamwonyesha mkuu wa kituo saa ipi pamefurika na saa ipi madirisha yamelala.

Desemba nakuja tena kumaliza msiba wa shangazi, na nitapita palepale, siku ileile ya soko. Kijana yule nikimkuta na mwenzake dirisha la pili, nitawasalimia wote "mwakeye" na kuwanunulia chai.