Joto la Malindi si sababu ya kung'oa themostati

Peleka gari inayochemka kwa fundi hapa Malindi, na mara nyingi dawa ya kwanza utakayopewa ni kung'oa themostati. Utaambiwa kidude hicho kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi, huku pwani hakina kazi. Ushauri huo unaharibu injini za watu, na haufai kuendelea kupita kana kwamba ni elimu. Ubishi wa pili, wa kama mtu afunge themostati inayofunguka kwenye nyuzi 76.5, 82 au 88 za joto, una maana yake, lakini ni mdogo mno ukilinganisha na hasara ya kutembea bila themostati kabisa.

Themostati ni vali yenye nta ndani ya kikopo kidogo cha chuma. Nta ikipata joto hutanuka, husukuma kijiti, vali hufunguka na maji huenda kwenye rejeta. Namba iliyogongwa juu yake ni joto ambalo vali huanza kufunguka. Ya injini ya Toyota ya 1NZ, iliyomo kwenye Probox nyingi, huanza kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 inatakiwa iwe imefunguka vizuri. Maana yake ni kwamba themostati huzuia joto lisishuke kupita kiasi. Kuzuia lisipande ni kazi ya rejeta, feni, pampu na mfuniko wa rejeta.

Ndiyo maana kufunga ya 76.5 hakuponyi gari inayochemka. Chukua foleni ya Mtwapa saa saba mchana, AC imezimwa. Gari imesimama, hakuna upepo unaopita kwenye rejeta, kila kitu kinategemea feni. Kwenye gari nyingi ndogo za petroli, feni ya umeme huwaka maji yanapokaribia nyuzi 95 hivi. Hata themostati yako ingefunguka kwenye 70, joto litapanda tu mpaka feni iwake. Umenunua dakika chache, basi. Kwa matatu ya dizeli inayopakia mizigo juu na watu ndani, hizo nyuzi chache za akiba zinaweza kusaidia kidogo, nami sitagombana na dereva anayeifunga. Kwa gari ya kawaida ya petroli, funga namba aliyoweka mtengenezaji.

Ya 88 au zaidi kwenye injini iliyoundwa kwa 82 nayo haifai. Injini ikiwa na joto la kupita kiasi petroli hugonga ndani ya silinda, kompyuta hurudisha nyuma muda wa kuchoma, na nguvu hupungua hasa ukiwa na mzigo. Lakini ziko gari za Ulaya zilizoundwa kutembea kwenye 90 hadi zaidi ya 100. Hizo usizishushe. Namba hufuata injini, haifuati hali ya hewa. Angalia boti za Lamu: injini za kubandika nyuma zinazopozwa kwa maji ya bahari hutumia themostati za nyuzi 50 au 60 hivi, kwa sababu maji ya chumvi yakizidi hapo huanza kugandisha chumvi ndani ya njia za maji. Hesabu hiyo ni ya boti na bahari yake.

Turudi kwa gari isiyo na themostati. Ukitoka alfajiri kwenda Garsen, barabara wazi, maji yanaweza kukaa nyuzi 60 hivi safari nzima. Kompyuta inaona injini bado baridi, inaongeza petroli. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda na nyingine hushuka ndani ya oili. Mvuke unaopita kwenye ringi za pistoni haupati joto la kutosha kukauka, unageuka maji na kuifanya oili iwe tope. Fungua mfuniko wa oili uangalie chini yake: utando wa rangi ya maziwa kwenye gari ambayo haipotezi maji ya rejeta mara nyingi ni dalili ya injini isiyopata joto. Taa ya bluu kwenye dashibodi isikudanganye. Huzimika mapema sana, injini ikiwa bado mbali na 82. Kisomaji kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye tundu la kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu, kitakuonyesha joto lenyewe.

Kuna jambo ambalo wanaong'oa hawalisemi. Themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili upande wa chini. Vali kubwa ikifunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Kwa hiyo gari ile ile inaweza kuwa baridi asubuhi na kuchemka mchana ikipanda na mzigo.

Kabla ya kuilaumu themostati, ipime. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha polepole. Isipoanza kufunguka karibu na namba yake, au ikipoa isijifunge yote, tupa. Isiyo na namba kabisa usinunue.

Kuifunga kwenye 1NZ si kazi kubwa. Iko upande wa mpira wa chini wa rejeta, anayefuata mpira wa juu hataiona. Injini iwe imepoa. Mwaga maji, fungua nati mbili kwa spana ya 10, safisha kiti chake, weka mpira mpya wa kuzunguka themostati, na kipini kidogo cha kutolea hewa kikae juu. Nati zikaze kwa kiasi tu, chuma kile ni laini. Jaza taratibu, washa hita mpaka mwisho, acha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu yaishe.

Na usijaze maji ya kisima. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, nayo hula hedi ya alumini (sehemu ya juu ya injini), hula pampu, huziba rejeta na kuikwamisha themostati yenyewe. Tumia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji safi ya kuongezea betri (yale ya kawaida, si asidi).

Gari ikichemka baada ya themostati kurudishwa, kosa lilikuwepo tangu mwanzo. Tazama mapezi ya rejeta: upepo wa bahari huyaoza mpaka yakavunjika kama unga ukiyagusa, na vumbi la Marafa huyaziba. Yaoshe kwa maji yasiyo na kasi, kutoka upande wa injini kwenda nje. Badilisha mfuniko ambao mpira wake umekauka, kwani presha ikipotea maji huchemka kwenye nyuzi 100 badala ya karibu 120. Angalia kama feni inawaka. Mapovu yakiendelea kutoka kwenye rejeta bila kukoma injini ikiunguruma, gasketi ya hedi imekwisha, na hapo hakuna themostati ya namba yoyote itakayosaidia.