Shangazi ametulia, lakini ametulia vipi?

Kwa majuma matatu shangazi yangu hakupiga kelele hata mara moja. Majirani wakatupongeza. Alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mate yakimtiririka, mikono imekakamaa kama mtu aliyebeba sinia. Uji akiuangalia tu.

Shangazi ana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Kabla ya vidonge mambo yalikuwa mengine. Ikifika magharibi anafunga kanga, anataka kurudi kwao Korogwe, mama yake anamsubiri. Mama yake alishafariki zamani. Wakati wa kula ndiyo vita: sahani inarushwa, binamu yangu anayemlisha anang'atwa. Daktari alimsikiliza binamu dakika tano, akaandika haloperidoli, asubuhi na jioni. Kwenye cheti hapakuwa na siku ya kuacha. Vilipokwisha tulikwenda duka la dawa, tukauziwa vingine bila swali.

Nyumbani tuliviita "dawa ya usingizi". Sivyo. Ni dawa ya wagonjwa wa akili wanaosikia sauti zisizokuwepo, na kwa mzee mwenye dimensia hatari yake inajulikana siku nyingi. Aprili 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizipa dawa mpya za kundi hili onyo lake kali kuliko yote, baada ya kupitia majaribio 17. Katika jaribio la kama wiki 10, wazee waliomeza dawa walikufa asilimia 4.5; waliomeza kidonge kitupu kisicho na dawa, asilimia 2.6. Wengi waliondoka kwa moyo au kwa maambukizi kama nimonia. Mwaka 2008 onyo likafika kwa dawa za zamani, haloperidoli na klopromazini, ambazo ndizo zetu huku.

Kwa nini nimonia? Mtu aliyezubazwa na dawa humeza kwa shida, chakula kinapotea njia na kuingia mapafuni. Shangazi alikuwa ameshaanza kupaliwa, sisi tukasema ni uzee.

Uingereza, ripoti ya Profesa Sube Banerjee ya 2009 ilikadiria kwamba wenye dimensia 180,000 walipewa dawa hizi kwa mwaka. Walionufaika: 36,000. Vifo vya ziada: 1,800. Yaani mmoja kati ya watano ndiye anayeambulia kitu, wengine wanabeba hatari bure.

Linalonitisha zaidi ni aina moja ya dimensia, iitwayo dimensia ya Lewy. Mgonjwa wake huona watoto au wanyama chumbani, na kwetu hapo watu watasema ana mashetani au amepata kichaa, apewe dawa haraka. Kumbe huyo ndiye ambaye mara nyingi mwili wake hauzivumilii dawa hizi: anaweza kukakamaa, kupoteza fahamu, hata kufa.

Shangazi yetu shida yake ilikuwa jino. Jirani, muuguzi mstaafu, alimmulika kinywani kwa tochi ya simu: gego limeoza, fizi imevimba. Ndiyo maana chakula kilikuwa adui. Jino liling'olewa, na daktari mwingine akapunguza vidonge kidogo kidogo, maana kukatisha ghafla nako kuna madhara yake.

Sisemi zisitumike kabisa. Yupo mzee anayeweza kumuumiza mwenzake au kujiumiza, na njia nyingine zimeshindwa. Hata Uingereza risperidoni, mojawapo ya zile dawa mpya, inaruhusiwa kwa ukali wa namna hiyo, lakini mwisho wiki 6. Ninachodai ni hicho tu: cheti kiwe na tarehe ya mwisho, na kabla hakijaandikwa mtu aangalie kinywa, mkojo, choo na maumivu.

Shangazi bado anafunga safari ya Korogwe kila magharibi. Tunamsindikiza hadi kwenye mwembe, tunarudi. Usiku, binamu ndiye anayeamka naye, si mimi, na pakiti iliyobaki ameiweka juu ya kabati. Anasema ni akiba. Sikumwambia aitupe. Nimemwomba tu kwamba siku akitaka kuishusha anipigie kwanza, nije nilale huko siku mbili, yeye apate usingizi.