Nani Amlipe Dalali? Kusaka Kazi za Blogu na Programu Mtandaoni

Aliyewahi kutafuta chumba Dar es Salaam anamjua dalali: unatoa hela ya kuzungushwa, na ukipata chumba unamwachia kodi ya mwezi mmoja. Upwork, mtandao unaowakutanisha wateja na wafanyakazi huru, hawana tofauti. Kuomba kazi unatumia pointi ziitwazo Connects, kila moja senti 15 za dola, na ombi moja hula pointi kadhaa, upate usipate. Ukipata, wanakata kamisheni. Zamani walikata 20% ya dola 500 za kwanza kwa kila mteja, kisha kiwango kikashuka kadiri mlivyoendelea. Mwaka 2023 wakaweka 10% kwa wote, na tangu 2025 mikataba mipya inakatwa kati ya 0% na 15%. Fiverr, mtandao mwingine wa aina hiyo, wanakata 20% na hawabembelezi mtu.

Kuna na mbao za matangazo ya kazi mtandaoni. Wanablogu wanaijua ProBlogger ya Darren Rowse wa Australia. Waandaaji wa programu wanaijua We Work Remotely. Huko anayelipa ni mwajiri, na tangazo moja la We Work Remotely limewahi kuuzwa dola 299. Mwombaji hanunui pointi. Mtu aliyetoa hela hiyo ana haja ya kweli, hawezi kuja kukupangia makala ya maneno 1,000 kwa bei ya chipsi mayai, jambo ambalo kule kwa madalali halishangazi mtu.

Kwa hesabu hiyo, dalali wa nini? Nami nilifikiri hivyo, mpaka mteja niliyempata kupitia tangazo alipopokea makala yangu ya nne akanyamaza. Blogu yake iko hewani hadi leo, na makala zangu zimo. Ubao unawakutanisha tu, mengine mtajuana wenyewe. Upwork, kwa kazi ya bei ya mkupuo, mteja anatanguliza hela, zinashikiliwa mpaka kazi ikabidhiwe. Mtu wa Mwanza anayemfanyia kazi mtu wa Texas atamshtaki wapi? Hapo ile kamisheni naielewa.

Kuna pia suala la kupokea hela, ambalo tangazo halikwambii. Mwajiri wa ubaoni akisema analipa kwa PayPal, Mkenya hana shida, tangu 2018 anazivuta hadi M-Pesa. Mtanzania kwa miaka mingi ameweza kulipa kwa PayPal, kupokea hapana. Na matangazo mengi mazuri, hasa ya programu, yana mstari mdogo chini: wakazi wa Marekani tu. Usome kwanza kabla hujakesha ukiandika barua.

Lakini dalali naye ana ubaya wake, na mkubwa si kamisheni. Ni nyota, yaani alama ambazo wateja wanakupa baada ya kazi. Mwenye nyota anapata kazi, na nyota zinatokana na kazi. Kenya mzunguko huo umezaa biashara ya kukodi akaunti za watu wenye sifa, kinyume cha masharti. Akaunti ikifungwa, hela iliyomo inakwama na aliyefanya kazi hana pa kulalamika, maana kwenye makaratasi hayupo. Ubaoni hakuna nyota. Unatuma kiungo cha blogu yako, au programu zako zilizoko GitHub (ghala la programu mtandaoni), mwajiri anasoma na kuamua.

Kwa hiyo mwandaaji wa programu mwenye kazi za kuonyesha simwoni akinunua Connects. Aende kwenye mbao. Mwandishi anayeanza ningemwambia amvumilie dalali kwa wateja wawili watatu, hela ziwe salama, huku akijenga blogu yake. Ila asidhani atahama na wateja hao kirahisi: masharti ya Upwork yanakataza kumlipisha nje mteja mliyekutana humo kwa miaka 2, labda mlipe ada ya kuachiana.