Glavu si anasa: sponji na klia ya gari lako

Gari jeusi lililooshwa miaka kadhaa kwa sponji halihitaji mtaalamu wa kulikagua. Lisimamishe usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, uinamie boneti. Utaona mikwaruzo myembamba imeuzunguka mwanga wa taa kama utando wa buibui. Wenye magari wengi husema rangi imezeeka, au jua limeichosha. Kwa ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya mikwaruzo ile imetokana na kuoshwa kwa sponji, na dawa yake ni glavu ya kuoshea gari.

Wanaoitetea sponji wana hoja, na si ya kupuuzwa. Sponji inapatikana duka lolote, bei yake haiumizi, inabeba povu jingi, na ukiikamua mara moja imetoa maji yote. Kijana muosha magari anayepokea gari baada ya gari tangu asubuhi hana muda wa kuhangaika na glavu ya maikrofaiba, yaani ya nyuzi nyembamba sana, ambayo ikilowa inakuwa nzito, inachelewa kukauka, na isiposuuzwa vizuri inalala na mchanga ndani yake. Tena wanasema jambo la kweli kabisa: kinachokwaruza ni mchanga, kwa sababu sponji yenyewe ni laini kuliko rangi.

Sawa, tuufuate huo mchanga. Chembe zake nyingi ni kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, magumu kuliko hata kioo cha dirisha. Chembe ya namna hiyo ikishang'oka kwenye rangi, inakwenda wapi? Uso wa sponji ni bapa. Chembe inabanwa katikati ya sponji na bati, haina pa kujificha, na kila mkono unapopita inaburutwa nao. Glavu ina manyoya. Chembe inazama ndani, na kinachoendelea kugusa rangi ni ncha za nyuzi. Hatari haijaisha, lakini imepungua sana, na hii ndiyo tofauti ambayo watu hawaioni wanaposema glavu ni mbwembwe za wenye pesa.

Kwa nini nishikilie vimikwaruzo visivyoonekana mchana? Kwa sababu ya unene wa klia, ile rangi angavu ya juu kabisa inayolinda rangi yenyewe. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi; mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani unakaribia mikroni 70. Ng'oa mmoja, uuviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada: ngao nzima ya gari lako ni nyembamba kuliko huo. Na fundi anapokupigia polishi mikwaruzo ikatoweka, hakuijaza. Ameisaga klia iliyoizunguka mpaka ikawa sawa na kina cha mkwaruzo. Kilichosagwa hakirudi. Gari letu la kawaida limekuja kutoka Japani likiwa limetumika; Kenya inaruhusu hadi umri wa miaka 8. Klia hiyo imeshaishi maisha mengine kabla ya kufika kwako, na hujui imepigwa polishi mara ngapi. Ndani yake pia mna kinga ya mionzi ya jua. Ikishakonda, paa na boneti huanza kubabuka mabaka meupe, na hapo polishi haisaidii tena, ni kupiga rangi upya.

Gari langu ni la bluu iliyokolea. Siku moja nikiwa nimesimama pembeni, sponji ilimponyoka kijana ikaangukia mchangani. Akaichovya kwenye ndoo ileile ya povu, akarudi nayo mlangoni. Sikuweza kumlaumu: ndoo ilikuwa moja, na hakuna aliyewahi kumpa ya pili. Niliponunua glavu nikaongeza ndoo ya maji matupu ya kusuuzia. Siku ya kwanza niliimwaga taratibu. Chini ulibaki mchanga laini wa rangi ya kahawa, wa kuchota kwa kijiko, na gari lile lilikuwa limeshapigwa maji ya presha.

Kwa hiyo nakubali kwamba glavu bila ndoo ya pili ni sponji ya bei ghali. Na mwenye pikapu nyeupe ya kubebea saruji sina sababu ya kumsumbua. Lakini kwa gari la rangi nzito unalotarajia kuliuza siku moja, sioni hesabu inayoipa sponji ushindi. Glavu nzuri hudumu ukiifua kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo huziba nyuzi zake.

Siku hizi glavu na ndoo ya pili vinakaa kwenye buti. Kijana yuleyule anaanzia paani akishuka, anasuuza kila baada ya upande mmoja, na sponji yake ameiwekea magurudumu.