Gari Linaloumwa Alfajiri Tu

Toyota IST yangu haikuwa na ugonjwa wowote. Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye aliyesema gari lililokula vumbi la Nkuhungu, huku kwetu Dodoma, miaka yote hiyo lazima lisafishwe njia ya hewa, na kwamba kumlipa fundi kwa kazi hiyo ni kutupa hela. Alikuwa na boksi la spana la kuazima na bando la usiku. Video ameangalia hadi macho yakawa mekundu. Jumamosi akafungua throto, yaani mlango wa hewa ya injini, akashusha manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwa kila silinda, akapuliza, akasugua, akafunga. Jioni gari likawaka vizuri tu. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mpwapwa, akamchinjia mwanawe kuku.

Jumapili nawahi ibada ya kwanza, napiga stata: gari linaamka likitetemeka mwili mzima. Misi juu ya misi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, kioo cha pembeni kinacheza, moshi unanuka petroli mbichi. Mbwa wa mtaa wakaitikia. Baada ya dakika chache injini ikapata moto, na gari likanguruma kwa adabu utadhani si lenyewe. Ikawa ndiyo desturi. Mwezi wa saba alfajiri ya Dodoma inashuka hadi nyuzi 13 au 14, na kadiri baridi ilivyobana ndivyo kelele ilivyozidi. Watu wakaacha kutegesha alamu. Mwalimu mmoja jirani aliniomba, kwa heshima zote, shule zikifungwa niwe nachelewa kidogo kwenda kazini.

Shemeji hakutishika. Akaazima kile kidude cha kupimia kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, kikatoa namba P0171. Maana yake mchanganyiko ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Akafikiri sana, akaniambia, "Shem, jaza tenki."

Nikajaza. Lita 40. Kulipokucha gari likatetemeka na petroli yake yote.

Ndipo nikaenda kwa Mzee, fundi wa Kizota.

"Mbukwenyi, Mzee."

"Mbukwenyi. Linaumwa nini?"

Nikawasha. Linanguruma vizuri. Nikazima, nikawasha tena. Vizuri kabisa, kama mtoto aliyelia usiku kucha halafu mlangoni mwa zahanati anaomba biskuti. Mzee akafuta mikono. "Hili nitalipimaje? Niletee likiwa la baridi." Kunifuata nyumbani alfajiri hakutaka. Gari lilale kwake, mimi ndiye sikutaka: gereji yake ni mwarobaini mmoja, ukuta hakuna, mlinzi hakuna, na betri yangu ni mpya.

Kwa hiyo tukalisukuma.

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro. Mama mkwe alitoka kutuombea safari njema, mguu mmoja kandambili, mguu mmoja yeboyebo. Kandambili ya pili ilisemekana imebebwa na mbwa wa jirani, na kesi ilikuwa njiani kwenda kwa mjumbe. Shemeji nyuma, mimi mlangoni nimeshika usukani, gia kwenye N, funguo kwenye swichi ili usukani usijifunge. Sasa sukuma gari nchi hii uone kama utaachwa usukume kwa amani. Wa bodaboda mmoja akapunguza mwendo.

"Oya, weka gia ya pili, achia klachi!"

"Ni otomatiki, kaka."

"Basi betri. Niwaletee waya?"

"Betri nzima."

"Mafuta je?"

"Tenki limejaa."

"Sasa mnasukuma nini?"

Nikamweleza kwamba gari linawaka, ila hatutaki lipate moto. Yule wa bodaboda akanitazama, akamtazama shemeji, akatupa pole, akaondoka taratibu.

Tulipofika penye mwinuko, zile lita 40 nilizijua moja moja. Tukasimama kupumua. Shemeji akaenda kutafuta maji, mimi nikasogea kwa mama wa vitumbua. Nikiwa na kitumbua mdomoni nikasikia stata. Kijana mmoja mwenye roho nzuri alikuwa ameshaingia ndani. Gari likatikisika, naye akalikanyagia mafuta bila huruma mpaka likatulia. Akashuka anatabasamu. "Limewaka, bosi! Plagi zilikuwa zimeloa tu." Waliokuwapo wakapiga makofi. Akasimama kusubiri ya chai. Nikampa; ningesema nini, na gari limewaka?

Kesho yake nikakodi vijana wa kusukuma. Shemeji akakaa kwenye usukani, milango imefungwa kwa ndani, akimpungia mkono kila msamaria.

Mzee akapiga stata mwenyewe. Tetemeko. Akainua kidole tunyamaze. Akachukua sprei ya kusafishia kabureta, akawa anapuliza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi. Silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, injini ikapanda mlio na misi ikakata.

"Hapa linavuta hewa ya wizi," akasema. Hewa halali inapita kwenye sensa iliyo karibu na kichujio. Kompyuta ya gari inaihesabu na kuipimia petroli yake. Hii inaingia kwa mlango wa nyuma, hakuna anayeihesabu. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta bado haiisikilizi sensa ya oksijeni ya kwenye ekzosi, inakadiria tu. Ikishapata moto inasikiliza na kurekebisha. "Na mpira nao ukipata joto unalainika, unaziba. Ndiyo maana ulikuwa unaniletea gari lililopona."

"Mpira gani?" nikauliza.

Shemeji akaanza kuuchunguza mwarobaini.

Mzee akafungua. Mpira wa manifoldi ulikuwa mweusi wote, isipokuwa kuzunguka tundu la tatu. Hapo palikuwa na kipande cha bluu kilichochongwa kwa wembe, upande mmoja mnene, upande mmoja mwembamba, na juu yake vile vinundu vidogo vya kuzuia mguu usiteleze.

"Ule wa zamani ulichanika nikiutoa," shemeji akasema. "Na maduka yalishafungwa."

Mzee akauliza mwenye kandambili yuko wapi. Nikamwambia yuko nyumbani, anamshitaki mbwa. Alicheka mpaka akaomba kigoda.

Mpira mpya ulipatikana mjini siku hiyohiyo, kwa hela ndogo kuliko niliyojazia tenki. Mama mkwe aliifuta kesi kabla haijafika kwa mjumbe, lakini mwenye mbwa akakataa yaishe hivihivi: mbwa wake amefungwa kamba wiki nzima kwa kosa la mtu. Akadai nyama kilo moja, tena mnofu, mifupa hataki. Shemeji alikwenda buchani kwa miguu. Funguo za gari ninazo mimi.