Bunduki ya dharura Tabora: anza na risasi

Msimu wa malipo ya tumbaku ukikaribia, mazungumzo ya bunduki huanza upya hapa Tabora. Mmoja ana zizi la ng'ombe huko Kaliua, mwingine ana kambi ya mizinga ya nyuki porini Sikonge, mwingine ana duka la jumla Urambo na usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Wote wanauliza kitu kimoja: ninunue bunduki gani ya kujihami siku mambo yakiharibika? Vijana wameshatazama video za Wamarekani mpaka usiku wa manane. Wanataka semi otomatiki, yaani bunduki inayojikoki yenyewe, yenye magazini ndefu ya risasi, na darubini juu yake.

Msimamo wangu ni huu, na nausema bila kumung'unya maneno: bunduki ya dharura huchaguliwa kuanzia kwenye risasi. Kwanza jua ni risasi gani unaweza kuipata kihalali, kwa bei unayoimudu, mwaka huu na miaka kumi ijayo. Pili, jua utapiga kutoka umbali gani. Bunduki yenyewe ni swali la tatu. Chombo cha kulengea ni la nne.

Ushauri wa wale Wamarekani si wa kipuuzi, ila una kwao. AR-15, semi otomatiki wanayoisifu, ilibuniwa na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo kule vipuri vyake, magazini zake na risasi zake vinauzwa karibu kila duka la silaha. Mtu wa kule anayejiandaa kwa kimbunga au umeme kukatika wiki nzima akiambiwa anunue AR, aweke kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu na akiba ya magazini, anaambiwa jambo lenye mantiki. Springi ikivunjika, kesho ana nyingine. Wewe wa Usoke au Kibondo utaipata wapi hiyo springi?

Halafu kuna sheria. Tanzania silaha za raia ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na silaha ya kivita si ya raia, awe na fedha kiasi gani. Ndugu zetu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wanalijua hili kuliko sisi. Wameishi miaka ya mabasi kusindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wenye SMG, yaani AK-47, silaha zilizovuka mpaka wakati majirani zetu wakipigana. Anayekuja kwako usiku na kukunong'oneza kwamba ana SKS nzuri, semi otomatiki ya kijeshi, anaiuza bei ya kutupa, anakuuzia kifungo. Risasi zake ni zile zile za SMG, na utakapoulizwa umezitoa wapi hutakuwa na jibu.

Tuseme basi karatasi zipo, na afisa amekubali uombe bunduki ya semi otomatiki ya kiraia. Bado nakuomba ujue inavyofanya kazi. Unavuta triga mara moja, inatoka risasi moja, na bunduki inajikoki yenyewe. Nguvu ya kujikoki inatoka kwenye risasi ile ile: katika SKS na AK, sehemu ya gesi ya baruti inasukuma pistoni, katika AR gesi inarudi kwa mrija mpaka ndani ya mashine, ikiacha masizi humo humo. Kwa hiyo inadai risasi yenye nguvu kamili, kila mara. Risasi iliyolala miaka mitatu kwenye unyevu ikitoa mlipuko dhaifu, ganda halitoki vizuri, linabanwa mlangoni, na wewe gizani unahangaika na vidole. Magazini nayo ina midomo ya bati. Ikidondoka kwenye jiwe ikapinda kidogo tu, risasi inaingia imeinua pua na kukwama. Ukifuatilia bunduki za aina hii zinazogoma, mara nyingi utaikuta magazini ndiyo chanzo.

Sizidharau. Mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara, anayebadilisha risasi zake kabla hazijazeeka, anayejua kuondoa risasi iliyokwama huku amefumba macho, semi otomatiki itamtumikia vizuri sana. Wengi wetu hatuko hivyo. Wengi tunafyatua risasi chache kwa mwaka, na bunduki inalala kasha lake miezi mingi. Kwa maisha hayo mimi nachagua bunduki inayoendeshwa kwa mkono. Shotigani, bunduki inayotoa chembe nyingi kwa mpigo, ya mitutu miwili, namba 12 (kipimo cha upana wa mtutu), ni kama bunduki mbili zilizofungwa pamoja: upande mmoja ukigoma, wa pili bado upo. Ukitaka raifo, chukua ya bolti, komeo unalolivuta kwa mkono, yenye mfumo wa Mauser wa mwaka 1898, ule wenye ndoana pana inayolidaka ganda mara tu risasi inapotoka kwenye magazini, na hailiachi mpaka uivute bolti nyuma kabisa. Zaidi ya miaka 120 imepita na wawindaji wa nyati bado wanaiamini. Risasi ikigoma, unavuta bolti, unaingiza nyingine. Hakuna gesi ya kuitegemea.

Sasa umbali. Fikiria dharura zenyewe za huku. Fisi zizini. Kiboko aliyepanda kutoka Mto Ugalla au Malagarasi na kuingia shamba la mpunga. Watu wanaovunja mlango. Karibu zote ni usiku, na karibu zote haziizidi urefu wa ua wa nyumba. Hakuna anayekuvamia kutoka mita 300, na ukimpiga mtu aliye mita 300 utakuwa na kazi kubwa kumweleza hakimu kwamba ulikuwa unajihami. Hata wa hatua kumi, akishageuka na kukimbia, hatari imekwisha na haki yako ya kumpiga imekwisha pia.

Ndiyo maana darubini kwangu inakuja mwisho. Darubini ya kukuza mara tisa, ukimlenga fisi aliye hatua kumi na tano gizani, unachokiona ni manyoya, na hujui ni bega au paja. Na huku bunduki husafiri kwa pikipiki. Katika mazoezi yaliyosimamiwa na askari niliona raifo nzuri kabisa iliyoletwa namna hiyo kutoka upande wa Ugalla, barabara ya makorongo na matuta mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe alilala chini, akatulia, akalenga alama ya mkaa kwenye boksi la sabuni. Risasi ikapiga kichuguu pembeni, udongo mwekundu ukaruka. Ya pili vile vile. Askari akaishika ile darubini kwa vidole viwili, ikacheza. Skurubu za vishikio zilikuwa zimelegea njiani, na kwa macho hakuna ambacho kingekuonyesha. Darubini nyingi hurekebishwa kwa kuzungusha kitufe kinacholia "tik", kila "tik" ikihamisha shabaha kama milimita 7 tu kwenye mita 100. Chombo chenye vipimo vya namna hiyo hakivumilii kucheza hata unywele mmoja.

Kioo cha nukta nyekundu ni jambo jingine, na hiki nakiheshimu. Aimpoint ya Sweden ilitoa cha kwanza mwaka 1975. Watu hukichanganya na leza, lakini hakirushi mwanga kwenda kwa unayemlenga. Nukta inaonekana kwako tu, ndani ya kioo. Unaacha macho yote mawili wazi, unaweka nukta pale unapotaka, basi. Vilivyo bora hukaa vimewaka saa 50,000 kwa betri moja, yaani zaidi ya miaka mitano. Vile vya bei poa havifiki huko hata kidogo, na mtikisiko wa shotigani huviua mapema. Mwenye uwezo anunue kizuri, baada ya kujifunza kulenga bila hicho, na asing'oe vilengeo vya chuma vilivyo juu ya mtutu. Kioo kikijaa vumbi la Agosti au ukungu wa masika, chuma bado kipo.

Na hivyo vya chuma vina namna yake. Jicho likae kwenye ncha ya mbele, uione kali, na unayemlenga umwache awe na ukungu kidogo. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana hukosa. Paka ncha ile rangi nyeupe ya kucha, tone moja tu. Kwenye mwanga hafifu utashukuru. Kisha nunua tochi yenye nguvu kabla ya kufikiria kioo chochote. Mwenye tochi ndiye anayejua kama kivuli kile ni mwizi au ni mwanao aliyechelewa kurudi kutoka mnadani. Nalisema hili kwa uchungu wote nilionao: usifyatue kitu usichokiona kikamilifu. Angalia pia nyuma yake. Risasi ya raifo hupita bati na mlango wa mbao bila kusita, na tofali la udongo si ngome ya kumkinga mtu aliyelala upande wa pili. Kwenye vijiji vyetu vya nyumba zilizobanana, hii peke yake inatosha kunifanya nichague shotigani. Chembe zake zinachoka mapema kuliko risasi ya raifo, ingawa nazo zinaua.

Utunzaji sina mengi. Kiangazi chetu ni vumbi, na oili nyingi hulinasa vumbi likawa tope la kusaga chuma; futa mpaka ibaki utando mwembamba. Oili chafu ya gari, ambayo nimeiona ikipakwa kwenye bunduki za watu na heshima zao, isiguse bunduki yako. Masika fungua, kausha, angalia mdomo wa mtutu na chemba, kutu huanzia huko. Risasi zihifadhiwe kwenye kopo linalofunga vizuri, zikiwa kavu, zisipakwe chochote. Zile za shotigani za zamani zenye ganda la karatasi, zikishavimba kwa unyevu, zisalimishe. Na ukifyatua ukasikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama hapo hapo. Inawezekana risasi imebaki katikati ya mtutu, na ukifyatua nyingine juu yake mtutu unapasuka mikononi mwako.

Wapo watakaoniuliza, kwa fisi na wezi tu, bunduki ni ya lazima? Kwa wengi, hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa mifugo walipowachosha Wanyamwezi na Wasukuma, Sungusungu walijipanga kwa filimbi, pinde na mishale, kijiji kinaitikia kijiji. Walikuwa na makosa yao, na wapo waliodhulumiwa, lakini filimbi inayoitikiwa na kaya ishirini inafika haraka kuliko askari aliye kilomita 40. Fedha za tumbaku nazo zikikaa benki, sababu ya kuvunja mlango wako inapungua. Hayo yafanye kwanza, hayaombewi leseni.

Ukiamua kuomba leseni, nenda mwenyewe, usimtume mtu wa kati. Utajadiliwa na viongozi wa eneo lako na kamati za ulinzi na usalama, utaulizwa kwa nini, utangoja. Tumia muda huo kuuliza dukani ni risasi gani zipo mwaka mzima na zipi huja na kupotea, kisha ndipo uandike aina ya bunduki kwenye fomu. Tafuta fundi akutengenezee kasha la chuma linalofungwa kwa bolti ukutani, na jingine la risasi, kila moja na ufunguo wake, watoto wasijue funguo ziko wapi.

Mwambie pia mkeo au mumeo jambo hili mapema: leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba. Mwenye bunduki akifa, silaha inapelekwa kituo cha polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake upya. Kuna nyumba nyingi Tabora zenye gobore la marehemu darini, na mjane hajui kwamba analala chini ya kosa la jinai. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba, kila mwaka hadi 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu bila kuulizwa. Polisi wakitangaza msamaha huo, msindikizeni mama huyo hadi kituoni, mzee wa mtaa awe naye.